Mwaka Niliokabidhiwa Ukuta wa Kazi

Nianze na ujinga wenyewe, maana ukichelewa kuusema watu hudhani unautafutia nguo. Nilighushi kadi. Nilichukua karatasi ya manjano mezani kwa Madamu Ima, mwalimu wetu wa programu, nikaandika kwa herufi kubwa zenye heshima zake: "Rais wa koperative ya mpunga anaomba: mtu akifungua programu, jogoo awike mara tatu, kisha itokee picha ya Mzee akitabasamu." Nikaibandika juu kabisa ya ukuta, kando yake nikaandika kwa wino mwekundu KWANZA, nikarudi kwenye kiti changu kuendelea na karanga zangu. Nilitegemea wenzangu waione, wacheke, mmoja anirushie kifutio, basi. Hakuna aliyecheka. Waliitengeneza.

Najua kumbukumbu za maisha huandikwa na watu wenye mvi na miwani ya kusomea, si mwanafunzi ambaye bado anafokewa kwa kutochomeka shati. Lakini wiki iliyopita Divine alikuja likizo kutoka Kigali, ambako sasa ana kazi, meza, na kiti kinachozunguka. Alikuwa darasa moja mbele yangu, na ndiye aliyekuwa na akili kuliko sote. Mimi nilikuwa na mdomo. Tulikaa Kamembe, mji wetu, nyuma ya soko, tukaagiza sambaza, dagaa wa ziwa letu, zilizokaangwa mpaka zinavunjika kama chipsi, na katikati ya sahani akasema, "Fiston, kule ku kazi banatafutaka muntu wa kupanga kazi ya timu. Bananiuliza kama namujua moja. Nikacheka peke yangu mpaka banafikiri niko mugonjwa." Nikajua anacheka nini. Nikarudi nyumbani nikaanza kuandika kabla sijasahau jinsi kilivyonuka chumba kile.

Kilinuka plastiki iliyopata joto, viatu vyetu, na mafuta ya ndege. Shule ilikuwa jirani na uwanja wa ndege, na chumba cha kompyuta kilikuwa cha mwisho, upande wa uzio. Ndege ikitua, madirisha yalitetemeka na Madamu Ima alinyamaza na kidole juu, kama mtu anayesubiri mgeni amalize kukohoa, kisha akaendelea na sentensi ileile alipoiachia. Mwaka ule timu yetu ilikuwa watu watatu: Divine, mimi, na Sadiki, kijana wa Kiislamu kutoka uwanda wa Bugarama, mtu wa kutunza data, ambaye aliongea kidogo kiasi kwamba akikohoa tulimgeukia. Koperative ya mpunga ya kwao, yaani ushirika wa wakulima, ilikuwa imetuomba programu ya kugawa zamu za maji. Mfereji ni mrefu, lango ni moja. Wanaolima karibu na lango husikia filimbi ya mlinzi na kukimbia. Wanaolima mkiani mwa mfereji wanakaa mbali, wengine milimani Rwimbogo, na wakishuka huambiwa zamu yao ilipita. Tulitakiwa kutengeneza kitu cha kuwapelekea ujumbe kwenye simu, hata zile ndogo za vitufe. Ndiyo kazi yote. Ukiisema hivyo ni fupi.

Lakini kazi ya programu haikai fupi, kwa sababu kila anayesikia kwamba mnatengeneza kitu huwa na kitu chake cha kuongeza. Watu wa fani yetu wana neno lao kwa lile rundo la maombi yanayosubiri, wanaliita "backlog". Sisi tuliliita ukuta, kwa kuwa Madamu alitufanya tubandike kila ombi ukutani kwenye karatasi yake. La juu linatengenezwa kwanza, la chini linasubiri, na kila baada ya wiki mbili tunachukua machache ya juu, tunayamaliza, tunaonyesha. Utaratibu mzuri sana, ukiwa unaishi mahali ambapo mtu anaweza kumwambia mkubwa, "Lako lisubiri." Kwetu mzee akisema anataka, hamna anayeuliza ya nini. Unasema ndiyo, Mzee, kisha mnakwenda pembeni kuulizana mtafanyaje. Kwa hiyo ukuta wetu ulikuwa na maombi ya wakubwa, na kila moja limeandikwa KWANZA kwa wino mwekundu, na kadi yangu ya jogoo ilikaa humo vizuri kabisa, haikushtua mtu.

Kama ningekuwa na moyo ningesema siku ile ile. Lakini Divine alitoka na simu kurekodi jogoo nyuma ya uzio, na nani angemkatisha mtu anayemfukuza jogoo kwa heshima zote? Mara ya kwanza ndege ilitua jogoo akiwa anavuta pumzi. Mara ya pili mwenye jogoo alitoka na ufagio akidhani ni wizi. Sadiki naye alipunguza picha ya Mzee ili ikae kwenye duara, akaichorea tabasamu, maana katika picha zote za koperative Mzee alikuwa amekaza midomo kama anayehesabiwa kura. Wiki mbili zikaenda hivyo. Ujumbe wa maji haukuguswa.

Tulikwenda kuonyesha kazi Bugarama, katika ghala la koperative, kati ya magunia ya mpunga, hewa imejaa vumbi tamu la makapi. Mzee Anastasi, rais wenyewe, aliketi mbele na kofia gotini. Direkta wa shule yetu alikuja pia, amevaa koti lake la wageni. Divine alifungua kompyuta, akabonyeza. Na mimi, jamani, nilicheka. Nilijitahidi kuubana mdomo lakini kicheko kilitoka puani, na kilitoka mapema. Kisha ndipo jogoo akawika. Mara tatu, kwa sauti kubwa ya kuamsha parokia nzima, na Mzee Anastasi akajiona kwenye kioo cha kompyuta akitabasamu ndani ya duara.

"Ile jogoo inafanya nini mule?" akauliza.

"Ni yako, Mzee," Divine akasema kwa adabu. "Ile uliomba."

"Miye? Niliombaka jogoo?" Aliwatazama wazee wenzake kama mtu anayetafuta shahidi. "Miye niko na majogoo ine ku nyumba, sipati usingizi. Na message ya maji iko wapi?"

"Hiyo inafuata, Mzee. Tulianza na ya kwako."

Kisha Direkta akageuka taratibu, si kwa Divine, kwangu. "Wewe. Ulicheka kabla ya jogoo. Ulijuaje?"

Nilisema kadi ile niliiandika mimi. Direkta hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema, mbele ya magunia na wazee wote, kwamba siku ya kufungua maji ya msimu, kama mashine yetu haitafanya kazi iliyoombwa, mimi ninatoka katika programu, ninahamia darasa la ujenzi. Niende siku hiyo na mzazi, yeye atakuja na karatasi, itasainiwa palepale ukingoni mwa mfereji. Sina neno na waashi. Ila nilishawahi kupewa mwiko katika umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa wetu, nikajenga kipande cha ukuta, na watu wazima walisubiri niondoke ndipo wakakibomoa kwa upole. Na kuna jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu: tangu siku ya kwanza nilipoandika mstari mmoja na simu ikanitii, sikuwa nataka kitu kingine. Nilifanya mzaha chumbani mle kwa sababu nilikuwa na furaha mle. Hilo huwezi kumweleza Direkta kati ya magunia.

Madamu Ima alikulia Bukavu, na akikasirika Kifaransa chote humtoka, inabaki ile lugha ya nyumbani. Tuliporudi Kamembe alinisimamisha mbele ya kadi. Nilisubiri adhabu ya kufagia. "Unajua kuandika kadi, eh? Bon. Toka leo ukuta ni wako. Kila kadi, weye njo utasema inakaa fasi gani. Muntu akiuliza juu ya nini yake iko chini, weye njo utamujibu. Haina miye, haina Divine. Weye na hiyo mudomo yako."

"Madamu," Divine akasema, "unamupa mwizi funguo."

"Mwizi anajua mulango," Madamu akajibu, akaondoka na kikombe chake.

Jioni nyumbani mama alikuwa jikoni, simu kaibana kati ya bega na sikio, anasonga bukari, ugali wetu, kwa mikono miwili, anaongea na dada yake wa Bukavu. Nilibaki mlangoni na viatu mkononi. "Hapana, haibi," alikuwa anasema. "Hapigane na muntu. Anacheka tu. … Eh, kucheka! Njo kosa. … Sasa miye ntasema nini mbele ya ule direkta, dada? Ntasema musamehe, alizaliwa vile?" Mwiko ukagonga sufuria. "Anapenda ile kintu, unajua? Anasemaka na ile kompyuta mu usingizi." Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikaingia upya kwa kishindo ili ajue nimefika. Akageuka, akanitazama kuanzia nywele hadi soksi. "Kula," akasema. Ilikuwa bukari na sombe, majani ya muhogo, na sikuthubutu kutoa utani hata mmoja. Nadhani hilo lilimtisha zaidi.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa watu hudhani nilibadilika nikawa mwerevu. La. Nilifanya ujinga wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza, ila huu niliufanya kwa nia njema. Nilikwenda kuongea na kila mwenye kadi. Katekista wa parokia alitaka programu iwakumbushe wanakwaya mazoezi, nikamwambia, "Yako ni ya kwanza, Papa." Imamu wa msikiti wa Bugarama alitaka itoe saa za swala, alinipa chai yenye tangawizi na mandazi ya moto, ningemwambiaje la pili? Mzee Anastasi mwenyewe alinivuta kando, akashusha sauti: "Ile jogoo, ondosha. Lakini foto … foto inaweza kubakia. Na bei ya mpunga iwe pale chini ya foto." Nikasema, "Kwanza kabisa, Mzee." Direkta alitaka nembo ya shule izunguke kama feni. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Kila mtu alinipenda wiki ile. Nilipita barabarani nikisalimiwa kwa mkono.

Kwenye chumba cha uzio hapakuwa na mapenzi. Divine alikuwa ameanza saa za swala, zikaachwa nusu kwa ajili ya kwaya, kwaya ikaachwa kwa ajili ya bei, na nembo ilikuwa inazunguka kinyume. Akasukuma kiti nyuma.

"Fiston, unajua kusema hapana?"

"Najua."

"Sema."

"Hapana."

"Bon. Sasa enda ukaseme vile kwa katekista."

"Ule alimutayarisha mdogo wangu kwa ubatizo!"

"Na Imamu?"

"Alinipa mandazi."

Sadiki akakohoa. Tukageuka wote wawili. "Maman Zawadi hajakupa kintu," akasema. "Njo mana hauko naye ku ukuta." Ndiyo mara ya kwanza nilisikia jina hilo. Alikuwa mama mmoja wa Rwimbogo, ambaye shamba lake linapakana na la shangazi yake Sadiki, mkiani kabisa mwa mfereji. Msimu uliopita alishuka na miche kichwani, akakuta zamu yake imepita na maji yamegeuzwa. Miche ikakaukia kwenye beseni. Kadi ya ujumbe wa maji ilikuwepo, lakini ilikuwa chini karibu na sakafu, imeandikwa kwa kalamu ya risasi, haina jina la mtu. Iliombwa na koperative nzima, si na mkubwa mmoja kwa jina lake, kwa hiyo hakuna aliyeipandisha.

Siku ya umuganda wa mwisho wa mwezi, watu wa uwanda walikuwa wanasafisha mfereji, na Madamu alitupeleka tukasaidie. Kazi ikiisha, watu hukaa ukingoni kwa mkutano, miguu ndani ya tope, majembe yamelala. Wote wenye kadi walikuwepo isipokuwa Direkta. Na wote, mmoja baada ya mwingine, walianza kuniuliza kadi yake imefika wapi, na kila mmoja alimsikia mwenzake akisema aliahidiwa kuwa wa kwanza. Nilihisi jasho likishuka hadi kwenye mkanda. Ningeweza kukimbia, njia ya Nzahaha ilikuwa wazi mbele yangu. Badala yake nikafanya kitu nilichozoea kufanya, yaani mchezo. Nilikuwa na kadi mfukoni. Nikampa kila mtu yake mkononi.

"Bazee," nikasema, "nilibadanganya. Nilisema kila moja ni ya kwanza. Batoto ba timu bako batatu tu, banaweza kufanya kintu moja, banamaliza, banashika ya pili. Sasa ninaomba musimame mstari. Wa kwanza asimame hapa penye lango. Fasi moja, muntu moja."

Kulikuwa na miguno. Mtu akasema batoto ba leo wamekosa fimbo. Lakini Mzee Anastasi alisimama, akajipangusa suruali, na wengine wakasimama kwa sababu yeye alisimama. Wakafika karibu na lango, wakasita. Kisha ikatokea kile ambacho ningetakiwa kukijua, mimi niliyekulia humu humu.

"Imamu atangulie," katekista akasema.

"Hapana, hapana. Katekista, pita."

"Mzee Anastasi njo mukubwa."

"Miye? Miye nipite mbele ya batu ba Mungu? Banasema nini kule nyumbani?" Akarudi hatua moja. Imamu akarudi mbili. Katekista akarudi mpaka akagusa nyasi. Kila mmoja alikuwa tayari kudai nafasi ya kwanza kupitia kadi, chumbani Kamembe, mahali ambapo hakuna anayemwona. Lakini kusimama kwa miguu yake mbele ya mwenzake, mchana, watu wanatazama? Haiwezekani. Heshima ileile iliyoujaza ukuta wetu wino mwekundu sasa ilikuwa inawasukuma wote nyuma, na pale penye lango pakabaki patupu.

Mama mmoja mwenye tope mpaka magotini akainuka na jembe lake. "Kama hamuitaki ile fasi," akasema, "miye ninasimama pale." Akatembea katikati yao, akasimama langoni. Watu wakacheka, kicheko kizuri. Nikajua ni Maman Zawadi kwa jinsi Sadiki alivyoinua kichwa.

"Maman, unaomba nini?" nikamuuliza.

"Nijue siku yangu ya maji mbele ya kushuka. Ni hiyo tu. Bile bintu bingine ni byenu."

Hakuna ambaye angeweza kumwondoa sasa. Mzee Anastasi akamtazama, akatazama shamba lake mwenyewe, ambalo liko hatua chache tu kutoka lango na halijawahi kukosa maji. "Abaki pale," akasema. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akaenda akasimama mwisho kabisa wa mstari, na foto yake, na bei yake, kofia kichwani. Baada ya hapo nani angebishana? Imamu akasimama nyuma ya Maman Zawadi, kwa kuwa Ramadhani ilikuwa inakaribia. Katekista nyuma yake, akisema kwaya inajua njia hata bila simu. Madamu Ima alipiga picha ya mstari ule. Jumatatu tulibandika kadi ukutani kwa mpangilio wa vichwa kwenye picha, tukautupa wino mwekundu kwenye pipa.

Nataka niseme kitu kuhusu siku zilizofuata, kwa sababu watu wakisimulia ushindi hurukia ngoma. Ziliishia kuwa siku tamu kuliko zote nilizowahi kuwa nazo shuleni, na hazikuwa na kitu chochote cha kusimulia. Tulifanya kadi moja. Mlinzi wa lango anaandika namba ya kipande cha mfereji, anatuma kwa simu ya Madamu iliyounganishwa na kompyuta, na kompyuta inawapelekea ujumbe wote wa kipande hicho. Katika jaribio la kwanza ilimpelekea bibi yake Sadiki ujumbe uleule mfululizo mpaka simu yake ikazimika, na bibi akaja juu kwamba serikali inamtaka nini. Tulicheka, tukarekebisha. Tulikula mihogo ya kuchemsha na parachichi juu ya kibodi, jambo lililokatazwa. Kila mtu aliyekuja mlangoni na wazo jipya, mimi ndiye niliyetoka nje, na niligundua kwamba mdomo wangu una kazi. Sikuhitaji kusema hapana. Niliuliza tu, "Nikuweke mbele ya nani?" na kumwonyesha picha ya mstari. Wengi walicheka wakaondoka. Watu hukubali kusubiri wakimwona wanayemsubiri.

Aliyebaki ni Direkta. Alikuja akiwa na funguo mkononi, akatazama skrini. "Nembo iko wapi?"

Divine akainama kwenye kibodi kama anatafuta sarafu. Sadiki hakukohoa. Karatasi yangu ya kuhamia ujenzi ilikuwa ofisini kwa mtu huyu, imeshapigwa chapa.

"Imefika, Direkta," nikasema. "Iko nyuma ya Mzee Anastasi. Mzee yuko nyuma ya katekista, katekista nyuma ya Imamu, Imamu nyuma ya Maman Zawadi. Nimtoe nani ili uingie?"

"Unanichezea?"

"Hapana, Direkta. Hii sichezi."

Aliitazama picha ya mstari kwa muda. Ndege ikatua, madirisha yakatetemeka, wote tukanyamaza, hata yeye. Kelele ilipoisha akasema, "Endeleeni," akaondoka na funguo zake. Divine akanipiga ngumi begani, nikahisi maumivu yake mpaka kesho yake, na sikutaka yaishe.

Siku ya kufungua maji, mama alishuka nami mpaka Bugarama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi, kile cha buluu, mikono imesimama mabegani, na kilemba cha kufanana. Ukingoni mwa mfereji alisimama karibu na Direkta, wakasalimiana, na niliona karatasi ikichungulia kwenye mfuko wa koti. Mzee Anastasi alikuwa ameamua kwamba safari hii maji yaanzie mkiani, na filimbi isipigwe. Ujumbe tu. Mlinzi alikuwa ameutuma jioni iliyotangulia. Kompyuta ilisema umekwenda, lakini kompyuta husema mengi. Wa mkiani hawakuwa pale kutuambia kama wameupata, na hapo ndipo ulipokuwa mtihani. Kama hawajui, hawashuki. Maji yangepita kwenye majaruba matupu mbele ya macho yetu wote.

Lango likafunguliwa. Maji yakaingia mfereji yakisukuma majani makavu, yakapita shamba la Mzee, yakaendelea. Njia ya mlimani ilikuwa na ukungu. Hakuna mtu. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Filimbi ingekuwa imemaliza kazi zamani." Direkta akaingiza mkono mfukoni. Mama alikuwa anatazama miguu yake. Mimi nilitazama maji, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikupata cha kucheka.

Sadiki akakohoa.

Nikainua macho. Kwenye ukungu kulikuwa na beseni. Halafu chini ya beseni kichwa, halafu Maman Zawadi mzima, anashuka kwa haraka ya mtu anayejua anakokwenda, miche ya kijani imejaa juu yake. Nyuma yake mwingine. Nyuma yao mstari mrefu wa watu wa Rwimbogo, majembe, mabeseni, watoto mgongoni, wanaongea kwa sauti kama watu wanaokwenda sokoni. Waliyafikia majaruba yao kabla maji hayajafika. Maman Zawadi alitua beseni, akaingia kwenye tope, akageuka kutusubirisha sote, na maji yalipogusa vidole vyake akainua simu yake ya vitufe juu kabisa na kupiga kigelegele kilichovuka mfereji. Wanawake wote wakakipokea. Katekista alikuwa anapiga makofi. Imamu alikuwa anapiga makofi. Mzee Anastasi alisema, bila kumwangalia mtu, "Bon, sasa inafuata ya Imamu, eh?" na Divine akaniangukia shingoni, na Madamu Ima akavua miwani akaifuta muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

Direkta alitoa karatasi, akaikunja mara mbili, akaichana, na vipande akavirudisha mfukoni kwa kuwa ni mtu wa usafi. "Jumatatu, mapema," akaniambia. "Na shati lichomekwe." Kisha akampa mama mkono na kumwambia kwamba shule inashukuru. Watu wakaja kumsalimu, mmoja mmoja, wakimwita Maman Fiston, wakimuuliza amemlisha nini mtoto huyu. Alijibu kila mmoja kwa utulivu mkubwa. Tulipobaki wawili, tukiwa na njia ndefu ya ukingoni mbele yetu na watu wamejaa pande zote mbili, alirekebisha kilemba, akanishika mkono juu ya kiwiko, akasema:

"Nilivala hii kitenge juu ya kuomba musamaha, na sasa hakuna muntu wa kuomba. Tembea pole pole, batu banione."